Daftari la Wiki: Wanaojikausha

Oposamu wa Marekani anasifiwa bure. Akibanwa na mbwa huanguka ubavu, mdomo wazi, udenda ukimchuruzika, na nyuma hutoa ute wa kijani wenye uvundo. Mapigo ya moyo hupungua, pumzi nazo hupungua. Mbwa humnusa, humgeuza, mara nyingi akaenda zake. Watu wakamwita mjanja. Ujanja gani? Hakuamua kuanguka, wala hawezi kuamua kuinuka. Ni mwili uliojizima wenyewe kwa hofu, na unaweza kukaa hivyo dakika chache au saa kadhaa.

*

Faida ya kujifanya maiti inategemea umekamatwa na nani. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwakutanisha bata 50 na mbweha wekundu. Bata wengi walilegea mara tu walipokamatwa, na zaidi ya nusu walitoka hai katika purukushani ya kwanza. Mbweha asiye mzoefu aliliweka windo chini akidhani kazi imekwisha. Bata akapata mwanya wa kutoroka. Mbweha aliyekwisha kuponyokwa hakurudia kosa: alimmaliza bata kabisa kabla ya kumfukia.

*

Charles Darwin aliwahi kuchunguza aina 17 za wadudu wenye tabia hii, akalinganisha mkao wao na wa wenzao waliokufa kweli. Hakupata hata aina moja ambayo mikao hiyo miwili ililingana sawasawa. Kumbe mdudu haigizi maiti. Anatulia tu, na kutulia kwatosha, maana wawindaji wengi wadogo huvutwa na kinachosogea. Chakula kisichotikisika hupitwa, hasa jirani yake akiwa anahangaika huku na huko.

*

Ziwa Nyasa lina samaki aliyeigeuza kinga kuwa mtego. Kwa upande wa Malawi anaitwa kaligono. Hujilaza ubavu kwenye mchanga, mwili una mabakamabaka ya samaki aliyeanza kuoza. Vidagaa husogea kudonoa mzoga. Mzoga unafumbua kinywa.

*

Walio na mahindi ghalani wanaye bingwa wao: fukusi. Mwaga mahindi yaliyobunguliwa kwenye ungo, utikise. Fukusi waliokuwa wakitambaa hukunja miguu yote sita chini ya tumbo na kubiringika pamoja na pumba. Mguse mmoja kwa kijiti, hatikisiki. Mwache kidogo: kipapasio kinacheza, mguu unanyooka, mara huyoo anaufuata ukingo wa ungo. Basi wewe unayepepeta, usihesabu wafu haraka, na usiwamwage nyuma ya ghala. Wachome moto au watie kwenye maji ya moto, la sivyo watarudi kwenye magunia yako.