Mama lishe alindwe dhidi ya meseji bandia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee mama lishe wa Kariakoo. Wali maharage na samaki wa kukaanga siku hizi hulipiwa kwa simu. Kibao cha lipa namba kimetundikwa karibu na masufuria. Ni jambo jema. Chenji haisumbui tena, na mama harudi nyumbani na pesa zote za siku mkobani.

Lakini saa saba mchana, foleni ikiwa ndefu, kuna mteja anayeinua simu, anaonyesha meseji ya malipo na kuondoka. Mama ana mwiko mkononi, hana nafasi ya kuhakiki salio. Jioni akipiga hesabu anakuta pesa za sahani kadhaa hazijaingia, kwa sababu meseji ile aliiandika mteja mwenyewe. Faida ya sahani moja ni ndogo. Zikiibwa tatu, mtaji wa kesho umeguswa, na mchele lazima ununuliwe.

Tumelumbana sana kuhusu tozo za miamala ya simu tangu zilipoanza Julai 2021, na ilikuwa haki yetu. Lakini utapeli huu wa meseji bandia hausemwi, nadhani kwa kuwa wanaoumia hawana msemaji.

India, hata vibanda vya chai vina kifaa kidogo kinachotangaza kwa sauti kila malipo yanapoingia. Kampuni za simu zivisambaze vifaa hivyo kwa mama lishe wetu, kwa bei wanayoimudu. Nasi wateja tusubiri mama athibitishe, ndipo tuondoke.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam