Mfugaji Bora wa Mbwa Hapimwi kwa Tepe za Maonyesho

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, lakini maana yake haikuniingia barabara hadi siku niliponunua mbwa.

Mnamo mwaka wa 2019, baada ya wezi kuvamia nyumba za majirani zetu mara mbili katika mwezi mmoja, niliamua kutafuta mbwa wa ulinzi. Nilimwendea mfugaji mmoja viungani mwa jiji la Nairobi, mtu mwenye sifa tele miongoni mwa wapenzi wa mbwa. Ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa umepambwa kwa tepe na vikombe alivyotuzwa katika maonyesho. Nilitoa shilingi 40,000, akiba ya mwalimu ya miezi kadhaa, nikarejea nyumbani na kilebu wa aina ya German Shepherd ambaye watoto walimwita Simba.

Kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, Simba alianza kuchechemea. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei, akaninyoshea kidole mahali penye tatizo. Vikombe vya nyonga havikuwa na kina cha kutosha, na vichwa vya mifupa ya mapaja vilikuwa vikichezacheza ndani yake. Hii ni kasoro ambayo kwa sehemu kubwa hurithiwa. Nilimpigia mfugaji simu nikamwuliza kama wazazi wa Simba waliwahi kupigwa picha ya nyonga. Alinijibu kwa mshangao usio na hila yoyote: "Mwalimu, mama yake ameshinda maonyesho mara mbili. Mbwa mgonjwa angeshindaje?"

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kuna rai iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa mbwa, hapa kwetu na ng'ambo, kwamba mfugaji anayewajibika sharti awapeleke mbwa wake maonyeshoni, na kwamba asiyefanya hivyo ni mchuuzi tu anayetafuta pesa za haraka. Nimeitafakari rai hiyo kwa muda mrefu, nami siikubali. Wajibu wa mfugaji ni kuwatoa mbwa wake wapimwe. Maonyesho ni kipimo kimoja tu kati ya vingi, tena ni kipimo kisichofika ndani.

Hata hivyo, haki inatudai tuwasikilize kwanza watetezi wa maonyesho, kwani hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba nyani haoni kundule. Mfugaji aliyejifungia uani na mbwa wake mwishowe huamini kwamba hakuna mbwa bora kuliko wake. Katika uwanja wa maonyesho hukutana na jicho la mtu asiyemjua, naye huambiwa bila haya kwamba mgongo wa mbwa wake umepinda au meno hayakutani. Hoja ya pili ni kwamba uwanjani mfugaji huona madume na majike wa wafugaji wengine, akaweza kuchagua wa kupandisha badala ya kuzalisha ndugu kwa ndugu. Huko pia tabia hupata kuonekana, kwa maana mbwa mwoga au mkali kupita kiasi hataki kushikwashikwa na mgeni mbele ya umati. Tatu, mfugaji anayeonekana hadharani anajulikana. Hapa kwetu chama cha East Africa Kennel Club husajili mbwa wenye nasaba na kuandaa maonyesho, na ni rahisi zaidi kumdai uwajibikaji mtu ambaye wenzake wanamfahamu kuliko muuzaji aliyekutana nawe kando ya barabara akiwa na vilebu ndani ya katoni.

Yote hayo nayakubali. Lakini kukubali kwamba jambo lina faida si kukubali kwamba ni la lazima, wala kwamba linatosha.

Tuangalie asili ya maonyesho yenyewe. Yale yanayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi yalifanyika katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka wa 1859. Chama cha Kennel Club kiliundwa London mwaka wa 1873, na mwaka wa 1891 Charles Cruft akaanzisha maonyesho yanayoitwa Crufts, ambayo siku hizi hufanyika Birmingham. Tangu hapo kila aina ya mbwa ikaandikiwa kaida inayoeleza umbo la kichwa, urefu wa miguu, rangi, mkia na mwendo. Kazi ya mwamuzi ni kumlinganisha mbwa aliye mbele yake na kaida hiyo. Humtazama, humpapasa, humfungua kinywa na kumtembeza, yote katika muda wa dakika chache. Hata awe mwadilifu namna gani, mwamuzi huyo hana namna ya kuziona figo, kuupima ubongo wala kuzisoma jeni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale ambapo sifa yenyewe inayotuzwa ndiyo inayomdhuru mnyama. Mfano unaojulikana kote ni Bulldog wa Kiingereza. Kwa vizazi vingi alichaguliwa kwa kichwa kikubwa, pua fupi na nyonga nyembamba. Leo wengi wao hukoroma na kutweta hata wakipumzika, na uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa Bulldog hufanywa kwa upasuaji. Hebu fikiri, msomaji, mnyama ambaye hawezi kuzaa bila kisu cha daktari, naye anahesabiwa kuwa kielelezo cha aina yake!

Mwaka wa 2008 shirika la BBC lilitangaza filamu ya uchunguzi iliyofichua maradhi ya kurithi miongoni mwa mbwa wa maonyesho, wakiwamo Cavalier King Charles Spaniel ambao baadhi yao fuvu zao hazitoshi kuubeba ubongo. Umma ulighadhabika, na mwaka uliofuata BBC haikuyatangaza maonyesho ya Crufts. Ripoti ya Profesa Patrick Bateson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyotolewa Januari mwaka wa 2010, ilitaka ufugaji wa mbwa urekebishwe. Kisha katika Crufts ya mwaka wa 2012 ikaamriwa kwamba washindi wa aina 15 zenye matatizo makubwa wakaguliwe na daktari wa mifugo kabla ya kuendelea mbele. Washindi sita walishindwa na ukaguzi huo, mmoja wao akiwa Bulldog. Asubuhi mwamuzi alisema huyu ndiye bora kuliko wote wa aina yake. Baadaye daktari akasema huyu hana afya ya kuendelea. Wote wawili walikuwa wakimtazama mbwa yule yule, ila kila mmoja alikuwa ameulizwa swali tofauti.

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu, sisi wasemaji wa Kiswahili. Kuna mbwa mdogo kutoka misitu ya Kongo aitwaye Basenji, maarufu kwa kuwa habweki kama mbwa wengine. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani mbwa wa watu wa porini. Katika vijiji vya huko hutumiwa kuwinda, akiwa amefungwa njuga shingoni ili mwindaji asimpoteze. Wazungu walimchukua, na mwaka wa 1937 alikuwa kivutio kikubwa katika Crufts. Lakini mbwa waliopelekwa ng'ambo walikuwa wachache mno, wakazalishwa wao kwa wao, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea miongoni mwa vizazi vyao.

Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka minne au zaidi. Maana yake ni kwamba dume aliweza kushinda tepe akiwa na miaka miwili, akatafutwa na wafugaji kwa sababu ya ushindi huo, akazaa watoto wengi, ndipo figo zake zikaanza kuharibika. Utepe haukuuzuia ugonjwa, bali uliusambaza. Wafugaji walioliona hilo walifunga safari hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, mnamo miaka ya 1987 na 1988, wakaleta mbwa wa vijijini ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa maonyesho. Mwaka wa 1990 chama cha American Kennel Club kilifungua daftari lake la nasaba ili wasajiliwe. Baadaye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Missouri walipata kipimo cha jeni cha ugonjwa huo. Hivyo basi, mbwa wa "washenzi" ndio waliofuatwa ili kuwatilia damu mpya jamaa zao waliovikwa tepe.

Je, inawezekana kuhifadhi aina bora ya mbwa bila maonyesho ya umbo? Wachungaji wa mpaka wa Uingereza na Uskochi wamelijibu swali hilo kwa vitendo. Mbwa wao, Border Collie, alikuzwa kwa kupimwa kazini, katika mashindano ya kuswaga kondoo, na chama chao cha International Sheep Dog Society kiliundwa mwaka wa 1906. Mbwa aliyejua kazi ndiye aliyezalishwa, awe na masikio yaliyosimama au yaliyolala. Mwaka wa 1995, American Kennel Club ilipomwingiza Border Collie katika maonyesho ya umbo, wafugaji wengi wa mbwa wa kazi walipinga vikali. Walihofia kwamba akianza kuchaguliwa kwa manyoya, akili ya kazi itapotea. Nani atathubutu kuwaita watu hao wafugaji wasiowajibika?

Hata hapa nchini hekima hiyo si ngeni. Mkulima anayenunua mtamba haulizi mama yake alipata utepe gani, bali anauliza hukamwa lita ngapi. Askari wa wanyamapori anayewasaka majangili kwa mbwa wa kunusa hajali kama mkia wa mbwa huyo umepinda. Anachotaka ni pua, pumzi na utiifu.

Walimu wenzangu wataelewa upesi ninachokisema. Tunakumbuka jinsi shule zilivyokuwa zikiorodheshwa kwa alama za mtihani wa kitaifa, na jinsi vipindi vya michezo na muziki vilivyomezwa na masomo ya marudio, kwa sababu yasiyotahiniwa yalionekana hayana thamani. Mtihani haukuwa mbaya kwa asili yake. Ubaya ulianza pale tulipoamini kwamba alama ndizo elimu. Ndivyo ilivyo kwa utepe na mbwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila anayeepuka maonyesho ni mwadilifu. Wapo wengi wanaosema "mimi sihitaji mashindano" ilhali ukweli ni kwamba hawana kipimo chochote, hawajui nasaba ya mbwa wao, na jike wao huzaa kila anapopata joto. Hao ni wabaya kuliko mfugaji aliyeniuzia Simba, ambaye aliwapenda mbwa wake kwa dhati. Kosa lake lilikuwa kukifanya kipimo kimoja kuwa vyote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anayependa maonyesho na aende, lakini baada ya kutoka kwa daktari, si badala ya daktari. Nyonga zipigwe picha kabla ya mbwa kupandishwa. Kwa utaratibu unaotumika Uingereza, kila nyonga hupewa alama kutoka 0 hadi 53, na kadiri jumla ilivyo ndogo ndivyo nyonga zilivyo bora. Zile aina zenye vipimo vya jeni zipimwe. Mfugaji aweke daftari la kila kilebu aliyemuuza, aandike aliyeugua, kilichomuua na umri wake, na awe tayari kumpokea mbwa aliyeshindikana. Daftari la namna hiyo, hata likiwa la mtu asiyewahi kushinda chochote, lina thamani kuliko ukuta uliojaa vikombe.

Nasi wanunuzi tuna fungu letu la lawama. Mimi mwenyewe nilihesabu vikombe, sikuomba kuona picha ya nyonga. Kama wanunuzi wangeliuliza swali hilo kila mara, wafugaji wangelitafuta jibu lake.

Simba bado yuko nasi. Hupewa dawa za maumivu, na asubuhi za baridi huchukua muda mrefu kusimama. Hawezi kumfukuza mwizi hata hatua kumi, lakini kichwa chake ni kizuri na manyoya yanang'aa. Wageni wanaomkuta amelala langoni hunipongeza na kuniambia kwamba mbwa kama huyu anafaa apelekwe maonyeshoni.