Mama Imani, umesoma kipi?

Mpenzi msomaji, mwezi huu nakuja kwako nikiwa nimeshika adabu. Kuna swali moja niliulizwa mbele za watu, na hadi leo linaniwasha.

Ilikuwa Jumamosi jioni, nyumbani kwa rafiki zetu Sinza. Kikao cha harusi kilikuwa kimekwisha, ahadi zimeandikwa, mweka hazina kafunga daftari lake. Tukabaki kama watu kumi hivi, tunakula nyama choma na kupiga stori. Si unajua tena, stori zikianzia kwenye mpira huishia popote. Safari hii zikaishia kwa Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kaka mmoja akasema huyu ni fahari yetu.

Basi nikadaka mimi. Eti fahari yetu kivipi, wakati aliondoka Zanzibar miaka ya 1960, akaishi Uingereza, na riwaya zake zote kaandika kwa Kiingereza? Nikamwaga sera. Nikataja ukoloni, nikataja lugha, nikamtaja hadi Shaaban Robert. Watu wanatikisa vichwa, nami ndiyo nazidi kupandisha sauti. Shahada ya mawasiliano ilikuwa kazini.

Mume wangu alikuwa kimya muda wote. Nilipopumua kidogo, akaniuliza taratibu kabisa: "Mama Imani, wewe umesoma kipi?"

Jamani! Nilikuwa sijasoma hata kimoja.

Tulirudi Tabata hatusemeshani. Tulipofika Ubungo nikashindwa kuvumilia.

"Baba Imani, umenidhalilisha."

"Nimeuliza tu, mama."

"Na wewe je, umesoma kipi?"

"Sijasoma. Ndiyo maana nilinyamaza."

Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Hasira zilipopungua nikaanza kujiuliza tabia hii nimeitoa wapi. Sekondari tulifundishwa fani na maudhui: dhamira, wahusika, muundo, mtindo. Ukikariri uchambuzi, umefaulu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa dawati zima, nacho hakina jalada. Chuo kikuu tukahamia kwenye madesa. Vyeti vyangu vyote ni halali, lakini ukweli ni kwamba nilijua kukiongelea kitabu kabla sijajua kukisoma. Na siku hizi simu ndiyo imemaliza kabisa. Unasoma maoni ya watu kuhusu maoni ya watu, ukiiweka chini unajiona umesoma.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nikaingia duka la vitabu mjini nikanunua *Peponi*. Ni tafsiri ya *Paradise*, riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994. Aliyeitafsiri ni Dk. Ida Hadjivayanis, na waliyoitoa ni Mkuki na Nyota wa hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 2022. Piga hesabu mwenyewe: miaka 28! Kitabu kinachoongelea pwani yetu kimezunguka dunia miaka yote hiyo kabla ya kutubishia hodi kwa Kiswahili.

Nikanunua na daftari. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni nguo za shule zikishapigwa pasi, najiandikia mambo matatu: wiki hii nimesoma nini, nimebishana kuhusu nini, na nimebadili wazo gani. Wiki ya kwanza: kurasa 9, mabishano 5, mawazo yaliyobadilika sifuri. Usicheke.

Wiki ya tatu umeme ukakatika. Tukakaa barazani na taa ya kuchaji, na Baba Imani akachukua kitabu akaanza kunisomea kwa sauti. Tulikuwa bado mwanzoni. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri mmoja mfanyabiashara ambaye siku zote amemjua kama ndugu wa familia. Anafikishwa dukani kwa tajiri, na kijana anayeuza pale, Khalil, anampasulia ukweli: huyu si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani.

Baba Imani akaacha kusoma. Nikadhani macho yamechoka.

"Unamkumbuka mjomba wa Morogoro?" akaniuliza.

Nitaachaje kumkumbuka? Miaka 9 ya ndoa, kila Krismasi namfungia zawadi. Ndiye aliyemlea mume wangu tangu akiwa darasa la nne. Asubuhi shule, jioni kuuza dukani kwake.

"Hakuwa mjomba," akasema. "Baba alikuwa na deni lake."

Safari hii aliyenyamaza ni mimi. Ameniruhusu niandike mpaka hapo tu, nami naishia hapo. Labda niongeze kwamba umeme uliporudi hakuna aliyeinuka kwenda kulala, na kwamba zawadi ya Krismasi ijayo bado tunaijadili.

Sasa turudi kwenye ule ubishi wa Sinza. Hoja yangu ya lugha sijaiacha, tena imepata nguvu. Mume wangu anasoma Kiingereza kutwa nzima ofisini, na sidhani kama kingemkamata koo namna ile. Ilibidi maneno yaje kwa lugha aliyoitiwa "njoo uuze duka". Lakini ile hoja nyingine, kwamba Gurnah si wetu kwa sababu aliondoka, nimeifuta. Mtu kaondoka kijana, kakaa mbali miaka yote hiyo, halafu akaijua siri ya nyumba za huku kuliko mimi niliyekuwa nalala nayo kitanda kimoja. Jumapili ile, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na cha kuandika kwenye lile jambo la tatu.

Kwa hiyo mwenzangu, mwezi huu sikuandikii orodha ya vitabu 10 vya kusoma kabla hujafa. Nunueni kimoja, nakala moja, msomeane kurasa tano kabla ya kulala. Mkibishana, mbishane kuhusu watu wa kitabuni. Kuna mambo mwenzako hawezi kuyasema ukimuuliza "una nini leo?", lakini atayasema akianza kumtetea mtu wa hadithini.

Kikao kingine cha harusi ni Jumamosi hii. Wanajua nina mdomo, na lazima watanichokoza. Nimeshajiandaa na jibu ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu: "Hicho bado sijakisoma."

Tukutane mwezi ujao. Na wewe, mpenzi msomaji, umesoma kipi?