Mguu wa Mfanyakazi Usikatwe Kabla ya Kupimwa



Wengi wenu mnamjua mwenzetu aliyekuwa akipakia magunia ya kahawa katika ghala moja hapa mjini. Jina lake hatuliandiki, mwenyewe hakutaka. Gunia la kilo 60 halikumshinda. Kisha akaanza kusimama njiani. Akitoka nyumbani kwake Kamenge kwenda kazini, akifika pale pale kila siku, kigimbi cha mguu wa kulia kinambana kama kimefungwa kamba. Anasimama dakika mbili tatu, maumivu yanakwisha, anaendelea. Msimamizi akasema ni uvivu. Na sisi, tuseme kweli, tulimcheka, tukamwambia uzee umepiga hodi.

Kwenye dispansari alipewa vidonge vya baridi yabisi. Akarudi, akapewa vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Hakuna aliyemwambia avue kiatu. Baada ya mwaka hivi hakuweza tena kulala ila mguu uning'inie nje ya kitanda, na kidole gumba kikawa cheusi. Alipofikishwa hospitali kubwa, kilichokuwa kimebaki ni kukata.

Ndugu, mguu ule haukupotea siku ya kukatwa. Ulipotea katika ule mwaka mzima ambao kila mtu aliutazama na hakuna aliyeugusa.

Lazima tuelezane ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kudai asichokijua. Miguuni mna mishipa ya namna mbili. Moja hupeleka damu kutoka moyoni, nyingine huirudisha. Sisi tunaosimama mbele ya mashine saa nane tunaifahamu sana hii ya kurudisha: huvimba na kujipinda chini ya ngozi. Inaudhi, lakini kwa kawaida haimpotezei mtu mguu. Hii ya kupeleka ndiyo hatari. Ndani yake mafuta na chokaa hujijenga ukutani kidogo kidogo, kama bomba la kiwanda linavyoshika ukoko, mpaka damu inapita kwa shida. Ukiwa umekaa, ile damu kidogo inatosha. Ukitembea, nyama ya mguu inadai zaidi na haipati, ndiyo inalia. Ukisimama inanyamaza. Alama hiyo ya maumivu yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa kusimama, kila mjumbe wa sendika aishike kichwani.

Wanaoupata zaidi ni wavuta sigara, wenye ugonjwa wa sukari, wenye damu ya kupanda, na waliokwisha pita miaka 50. Mwenye sukari ana shida ya pili: mguu wake unaweza kufa ganzi, asisikie maumivu hata kidogo, mpaka siku aone kidonda kisichopona.

Sasa dawa yake. Watu wengi wanadhani mambo ni mawili tu, vidonge au msumeno. Sivyo. Tangu zamani iko njia ya tatu. Mwezi wa Januari 1964, mjini Portland huko Marekani, Dokta Charles Dotter aliletewa bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza. Wapasuaji walisema ukatwe. Bibi akakataa katakata. Dotter akaingiza waya mwembamba ndani ya mshipa, akapitisha juu yake mirija, wa kwanza mdogo, wa pili mkubwa zaidi, akaifungua njia. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na bibi yule alikufa miaka michache baadaye akiwa na miguu yake miwili. Wenzake Dotter walimwona kama mtu wa wazimu. Mwaka 1974, mjini Zurich, Dokta Andreas Grüntzig akaleta puto: mrija wenye kipira nchani ambacho hujazwa kikiwa ndani ya mshipa na kuusukuma ule ukoko ukutani. Vipira vya kwanza alivitengeneza juu ya meza ya jikoni kwake. Habari hiyo sisi watu wa karakana tunaipenda sana.

Leo kazi hiyo hufanywa hivi. Mgonjwa hapigwi usingizi. Anachomwa sindano ya ganzi kwenye kinena, unatobolewa mshipa kwa sindano, unapita waya usiofika unene wa milimita moja, na daktari anaufuata kwa eksirei akisaidiwa na dawa inayoonyesha damu ilipo. Penye kizibo puto linajazwa. Pengine huachwa bomba dogo la wavu wa chuma ili njia isijifunge tena. Tundu lililobaki kinenani ni dogo, na mara nyingi mtu hurudi kwake siku ile ile au kesho yake.

Hatutaki kuwadanganya, puto si muujiza. Mshipa unaweza kuziba tena, na anayeendelea kuvuta sigara anauziba kwa mkono wake. Dawa ya kuonyesha damu inaweza kuumiza figo zilizo dhaifu. Aliye bado katika hatua ya kusimama njiani huanza kwa kuacha sigara, dawa za daktari, na kutembea kila siku kwa mpango. Tena utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa 1,830 ambao miguu yao ilikuwa hatarini, ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye mshipa mzuri wa kuungia hufaidika zaidi na upasuaji wa kuzungusha damu kando ya kizibo kuliko puto. Kwa hiyo tunadai mashine na mpasuaji pamoja.

Wapo watakaotuambia hayo ni mambo ya Ulaya, wafanyakazi wa Bujumbura waombe kwanza aspirini. Tunawajibu kwamba Dar es Salaam si Ulaya. Chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili kilianzisha mwaka 2019 masomo ya madaktari wa kazi hii hii ya waya na mirija. Walimu walikuja kwa zamu kutoka nje, wenyeji wakajifunza kwa mikono yao, na leo wenyeji wanawafundisha wengine. Na sisi hapa Kamenge tunayo Hospitali ya Mfalme Khaled, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Burundi. Madaktari wa kesho wanapita mbele ya milango yetu kila asubuhi. Tunataka kazi hii ifundishwe pale na ifanywe pale kama kazi ya kila siku, isiwe safari ya mwenye pesa.

Tunafika kwenye franka, maana ndiko mambo yanakokwama. Mtumishi wa serikali anayo Mutuelle de la Fonction Publique tangu mwaka 1980. Mfanyakazi wa kampuni anamtegemea mwajiri, na mwajiri ana moyo wake. Kibarua anayechuma chai Teza au Rwegura anategemea ndugu na mbuzi. Mfuko wa INSS tunaouchangia hulipa uzee, ulemavu, wajane na yatima, ajali na magonjwa ya kazini. Matibabu ya ugonjwa wa kawaida hayamo. Tazameni basi hesabu hii: mguu ukishakatwa, mtu anaweza kuomba pensheni ya ulemavu. Mguu ungali mzima na unaweza kuokolewa, mfuko haumjui. Yaani tunachanga kwa ajili ya gongo, si kwa ajili ya mguu. Hesabu hiyo hata tajiri mchoyo angeikataa katika biashara yake.

Yapo pia yasiyongoja mashine wala sheria mpya. Kupapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo ni kazi ya vidole viwili na dakika moja. Kupima damu ya mkono na ya kifundo na kuzilinganisha kunahitaji kipimo cha damu na kidude kidogo cha kusikilizia. Ya kifundo isipofika sehemu 9 katika 10 za ile ya mkono, mshipa una kizibo. Kila mwajiri mwenye dispansari anaweza kuvinunua, na muuguzi akafundishwa. Mwenye sukari avue viatu kila anapofika, atazamwe mpaka kati ya vidole. Na mguu ukiwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali kwa ghafula, hiyo ni dharura ya saa chache. Gari la kampuni litoke hata kama lina mzigo.

Mwenzetu sasa anauza chumvi na sabuni mlangoni kwake. Sigara ameacha. Tulipomwambia tunaandika habari hii, aliuliza neno moja tu: mguu uliobaki nao unaanza kumbana akienda msikitini, je, safari hii utapimwa wapi? Jambo hilo tumeliweka la kwanza katika mkutano wa wajumbe, na tumewaomba waajiri wajibu kwa maandishi. Kila kiwanda na kila shamba walete idadi ya wenzao wanaosimama njiani.