Kilio Hakijui Pazia

Imekuwa ada sasa, katika kumbi za kungojea ndege na hata kwenye mabaraza ya watu wasomao, kusikia shutuma dhidi ya msafiri asiyeweza kujitetea: mtoto mchanga aliyepakatwa katika daraja la biashara. Shutuma yenyewe ni fupi. Mtu amelipa fedha nyingi ili alale, mtoto amelia, basi mtoto asipandishwe huko, na mamaye akae naye nyuma. Wanaoyasema haya si wahuni. Wengi ni watu wa heshima, wenye elimu na wajukuu, na miongoni mwao wamo wapenzi wa mashairi ambao wangeona haya hata kumfukuza paka aliyelala kwenye jamvi la wageni.

Hoja yao haifai kupuuzwa. Usingizi ni haki ya mwili, na msafiri atakayeshuka alfajiri aende moja kwa moja kazini, au hospitalini, ana haja ya kweli na saa zake nne za kulala. Hapana abishaye hilo. Linalobishaniwa ni kile hasa kilichouzwa pale tiketi ilipokatwa.

Daraja la biashara si la kale. Mwaka 1976 shirika la KLM lilianza kuwaketisha sehemu ya mbele ya daraja la kawaida wale waliolipa nauli kamili. Mwaka 1978 Pan Am ikaja na daraja lake liitwalo Clipper. Na mwaka 1979 Qantas nayo ikatia daraja la biashara katika ndege zake. Sababu ilikuwa ya kihesabu. Nauli za punguzo zilikuwa zimezijaza ndege watalii na familia, na mfanyabiashara aliyelipa bei nzima akajikuta ameketi bega kwa bega na mtu aliyelipa nusu yake. Akatulizwa kwa pazia, kinywaji na kiti kipana kidogo. Kitanda cha kunyooka kabisa hakikufika katika daraja hilo hadi mwaka 2000, kilipoletwa na British Airways. Hayo ndiyo yaliyomo katika bidhaa: nafasi, chakula, foleni fupi, na kitanda. Ukimya haumo, na hauwezi kuwamo, kwa kuwa si mali ya shirika. Umo vifuani mwa abiria wengine, na hao hawakuuza kitu.

Tena mtoto naye amelipa, jambo ambalo walalamikaji husahau kwa wepesi wa ajabu. Katika safari za kimataifa, aghalabu mtoto aliye chini ya miaka miwili, asiye na kiti chake, hutozwa kiasi cha asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima wa daraja lile lile. Nauli ya mbele ikiwa dola 4,000, mtoto hulipiwa dola 400, na anachopata kwa fedha hizo ni paja la mamaye, ambalo alikuwa nalo tangu nyumbani. Akibahatika atapata susu ya kutundikwa ukutani, kama ndege inazo na kama hazijachukuliwa na wenziwe.

Lakini ubaya mkubwa wa shutuma hii umejificha katika neno moja dogo: nyuma. Akae naye nyuma. Kule nyuma kuna nani? Katika ndege kubwa ziendazo mbali, mbele huketi watu thelathini, arobaini, pengine zaidi kidogo. Nyuma wamo mia mbili na ushei, magoti yamebanwa, viti havilali. Humo yumo kijana anayerudi likizo baada ya miaka miwili ya kazi katika Ghuba. Humo yumo bibi aliyekwenda kumwangalia bintiye aliyejifungua ughaibuni. Mwondoe mtoto anayelia mbele umpeleke nyuma, kilio hakitapungua hata chembe. Kitakuwa kimegawiwa watu wengi zaidi, wenye nafasi finyu zaidi ya kukikwepa. Mwenye kudai hivyo hasemi kwamba kilio cha mtoto hakivumiliki. Asema chavumilika vizuri tu, ilimradi masikio yawe ya maskini.

Na huyo wa mbele ndiye aliyepewa dawa. Kile kifuko anachokabidhiwa akiketi, chenye soksi na kitambaa cha macho, mara nyingi kina pia vizibo vya masikio. Wa nyuma hufunga macho akaomba subira.

Yapo mashirika yaliyojaribu kuutii ugomvi huu. Mwaka 2011 ulimwengu ulijua kwamba Malaysia Airlines haikuwapokea watoto wachanga katika daraja la kwanza la ndege zake za Boeing 747. Mwaka uliofuata, ilipoingiza ndege za A380, ikatenga sehemu ya daraja la kawaida, ghorofa ya juu, isikaliwe na watoto wa chini ya miaka 12. AirAsia X na Scoot zikafuata mwaka 2013, IndiGo ya India mwaka 2016. Mwaka 2023 Corendon ikatenga sehemu ya watu wa miaka 16 na zaidi katika safari za kutoka Amsterdam kwenda Curaçao, kwa malipo ya ziada yaliyoanzia euro 45. Na atazame msomaji jambo hili lilivyokwenda. Lilianza kwa kuwalinda waliolipa kupita wote, likashuka daraja kwa daraja, hata nyuma nayo ikapata nyuma yake. Kinachouzwa hapo ni umbali wa safu chache na pazia la kitambaa. Sauti ya mtoto wa miezi mitano haizuiliwi na kitambaa.

Waliofanya la kiungwana zaidi ni Japan Airlines, ambao mwaka 2019 walianza kuonyesha, katika mchoro wa kuchagulia viti, mahali palipokwisha kuchukuliwa na mtoto wa chini ya miaka miwili. Wapo waliosema huko ni kumtia mtoto alama kama mgonjwa. La hasha. Asiyetaka ujirani ule hujiondoa mwenyewe mapema, kwa adabu, wala hamfukuzi mtu.

Sasa, mtoto hulia nini? Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwekwa ilingane na ya mlimani, penye kimo cha kati ya mita 1,800 na 2,400. Ianzapo kushuka, mgandamizo wa hewa huongezeka, na ndani ya sikio hakuna budi kusawazishwe kupitia mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua. Mtu mzima hupiga miayo, humeza mate, hutafuna peremende, mrija ukafunguka naye asijue kwamba amejitibu. Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba, umelala karibu usawa, na huziba upesi. Na mwenyewe hajafundishwa kumeza kwa makusudi. Kimebaki kunyonya, au kulia. Ndiyo maana ndege iliyokuwa kimya usiku kucha huamka kwa vilio ikikaribia kutua. Mtoto yule hana utundu. Ana maumivu ya sikio, kama ambavyo angekuwa nayo bwana wa safu ya pili lau asingejua kupiga miayo.

Kwa hiyo ile methali wanayoipenda sana, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, hapa imepotoshwa njia. Wahenga waliisema juu ya mwana mwenye kufahamu, anayelilia kisu akapewa kwa kuwa mzazi hawezi kuhimili machozi. Hawakuisema juu ya mtoto wa miezi minne aliyezibwa masikio. Wala haikuwapitikia kwamba siku moja ingetumiwa na mtu asiye mzazi, dhidi ya mama asiyemjua, kwa sababu amekatizwa usingizi.

Watu wa visiwani ndio hasa wasiopasa kulibeba neno hili. Kwao safari na watoto haikuanza na ndege. Kusi likivuma, majahazi yalipanda kwenda Maskati kwa wiki kadhaa, na wanawake na watoto walisetiriwa tezini, chini ya sitaha, penye joto na harufu ya maji ya ngama. Safari ile ile ndege huikata kwa saa tano hivi. Kilio cha mtoto kilisikika toka tezi hata omo, kwa nahodha na kwa baharia, kwa aliyepakia karafuu zake na kwa aliyebeba mkeka tu. Na leo, katika boti za kasi zivukazo kati ya Unguja na Dar es Salaam, zenye daraja lao la kwanza na viti vyake vya kifahari, mtoto akitapika kwa mawimbi, mtu wa jirani hutoa kitambaa. Hutoa kabla ya kuombwa. Mtu huyo huyo akipanda ndege ya Ghuba akaketi mbele, huita mhudumu alalamike. Kitu gani kimembadilisha katika mwendo wa wiki moja, kama si bei ya kiti?

Kwa wapenzi wa mashairi lipo na jingine. Lugha hii ina utanzu mzima wa ushairi uliozaliwa na kilio cha usiku. Bembezi hazikutungwa na malenga aliyeketi kwenye mswala wa fikira. Zimetungwa na mama, bibi na yaya, wakiwa wamechoka, mtoto amekataa kulala, na mwendo wa wimbo ukafuata mwendo wa paja lililokuwa likimtikisa. Si zote ni za upole. Nyingine zimebeba manung'uniko juu ya mume aliye mbali na maneno ya mawifi, kwani mama aliye macho saa nane za usiku hana mwingine wa kumwambia. Mshairi ahesabuye mizani kwa vidole alikwisha kuhesabiwa kwanza kwa kupigwapigwa mgongoni. Akitaka wale watoto waondolewe mbele ya macho yake ili apate kusoma diwani kwa utulivu, na asome, lakini ajue anakisoma kitu gani.

Haya yote hayamsafishi kila mzazi. Mzazi anayemwacha mwanawe wa miaka mitano akipiga mateke kiti cha mbele kwa saa sita, naye anatazama filamu, ana makosa. Anayempa mtoto simu ya katuni bila visikizi ana makosa zaidi, kwa kuwa dawa ilikuwa mkononi mwake. Hapo ile methali ina mahali pake, na itumiwe bila huruma. Mtoto wa miaka mitano anafundishika. Hata safari ndefu anafundishika, akianzwa nyumbani.

Kuna na aibu nyingine isiyosemwa na walalamikaji, pengine kwa kuwa inawapa raha. Katika njia za Ghuba huonekana familia iliyoketi mbele, na yaya wao amekatiwa tiketi ya nyuma kabisa. Mtoto akiwa ametulia yuko mbele na wazazi, anasifiwa na wahudumu. Akianza kulia huvushwa pazia, akapelekwa kwa yaya, naye yaya humbembeleza akiwa wima kando ya choo, katikati ya watu waliobanana. Akicheka ni wa mbele, akilia ni wa nyuma. Hapo mbele hakuna alalamikaye tena.

Kelele hii yote juu ya usingizi, juu ya hayo, imeziba swali lililo zito kuliko usingizi. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United nambari 232 ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, katika jimbo la Iowa. Walikuwamo watoto wanne waliopakatwa, wasio na viti. Wazazi waliagizwa, kama taratibu za wakati ule zilivyotaka, wawaweke sakafuni na kuwashikilia. Mmoja alikufa. Mhudumu mkuu aliyelitoa agizo lile, Jan Brown, alinusurika, akatumia miaka mingi kudai kwamba kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilipendekeza hivyo mwaka 1990. Mwaka 2005 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilikataa kulifanya sharti, kwa hoja kwamba familia zikilazimishwa kununua tiketi nyingine zitaiacha ndege ziende kwa gari, na barabara huua wengi zaidi. Ulaya mtoto wa paja hufungwa kwa mkanda mdogo wa kitanzi uliopachikwa kwenye wa mzazi. Marekani mkanda huo umekatazwa, kwa hofu ya kumuumiza mtoto. Wakubwa hawajaafikiana hata juu ya kumfunga.

Na hali hiyo ni moja, mbele na nyuma. Mama wa safu ya tatu amelipia kitanda cha karibu mita mbili. Susu zimekwisha, mtoto hawezi kulazwa peke yake, na mama akijinyoosha anaogopa kumlalia. Basi ameketi wima tangu ndege iliporuka, mkono mmoja chini ya kichwa cha mwanawe, na kile kitanda hakijakunjuliwa.