KISUKARI SI UGONJWA WA WAKUBWA, NI JAMBO LA KIJIJI KIZIMA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Msimu wa korosho umeingia, ghala limefunguliwa, na karibuni fedha zitaanza kushuka mikononi mwetu. Kabla hazijafika tunataka tuzungumze jambo ambalo halimo katika ajenda ya bei, lakini linapunguza nguvukazi ya kijiji polepole, tena kimyakimya. Jambo lenyewe ni ugonjwa wa kisukari.

Wako wanaosema kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, watu wa mjini wenye magari na vitambi. Wako wanaosema kidonda kisichopona ni cha kutupiwa. Na wako wanaojua kabisa kuwa wanao, ila wanaficha, maana wakisema wataambiwa wanadeka, au watatengewa chungu chao. Sisi tunasema yote matatu ni makosa, na makosa haya yanakula miguu na macho ya watu.

Kwanza tuujue ugonjwa. Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, muhogo na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari katika damu. Mwilini mna kitu kinaitwa insulini, kinatoka kwenye kongosho. Insulini ni kama karani wa ghala: yeye ndiye anayefungua mlango ili sukari iingie mwilini ifanye kazi. Karani asipokuwapo kabisa, hiyo ni kisukari aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza kwa watoto na vijana. Karani akiwapo lakini milango ni migumu na yeye mwenyewe amechoka, hiyo ni aina ya pili, na ndiyo inayowapata watu wazima wengi. Mzigo unabaki nje. Mtu anakuwa na kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, anakonda, anachoka, macho yanaingia ukungu, vidonda haviponi. Wengine hawasikii chochote kwa miaka, ndiyo maana kupima ni lazima. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika 7.0 au zaidi, tena kikarudiwa kikawa hivyo hivyo, huyo ana kisukari.

Sasa chakula. Watu wanadhani mgonjwa wa kisukari hana ruhusa ya kula chochote, basi wanakata tamaa na kula kila kitu. Si hivyo jamani. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga: kisamvu, mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia, mlenda. Robo iwe ugali au wali au muhogo. Robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, yai, au mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe. Dona ni bora kuliko sembe. Muhogo wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga, lakini nao uwe wa kiasi, kwa sababu ni wanga ule ule. Nazi itiwe kidogo, chumvi nayo kidogo: kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Embe lile kipande, usilikamue juisi. Mabibo ni matamu, onja usishibe. Asali nayo ni sukari, asikudanganye mtu.

Tazameni ajabu yetu. Mbaazi tunalima sisi. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi kutoka nje, bei ikaanguka, na wengine wetu tukaziona kama mkosi uliobaki ndani. Kumbe kile ndicho chakula tunachoshauriwa kula. Tunauza mbaazi, halafu fedha ile tunanunulia soda. Soda moja ya mililita 350 mara nyingi huwa na sukari zaidi ya gramu 30, yaani karibu vijiko 8 vya chai. Hakuna mtu hapa angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja mbele za watu, lakini chupa tunaimaliza tukisimama.

Dawa. Kisukari hakitibiwi kwa kula vitu vichungu. Uchungu wa mdomoni haukati sukari ya damuni. Mwenye vidonge ameze vidonge, mwenye sindano achome sindano, wala asiache kwa sababu anajisikia mzima. Anajisikia mzima kwa kuwa anatumia dawa. Insulini haitaki jua wala joto. Asiye na friji aweke chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kivulini, na dawa ndani imefungwa isilowe. Anayetaka kufunga Ramadhani aende zahanati mapema, asisubiri mwezi uandame. Uraka na gongo ni hatari mara mbili kwa mwenye sindano au vidonge vya kushusha sukari, maana pombe inaweza kushusha sukari hadi mtu akaanguka, nasi tukapita tukisema amelewa.

Hapo tusikilizane vizuri. Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho jingi, akiongea ovyo, huenda sukari yake imeshuka mno. Mpe haraka vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu rudieni, akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni zahanati. Basi mwenye kisukari anayetumia dawa hizo, akienda shamba afunge sukari kidogo kwenye upindo wa kanga au mfukoni. Sukari ile ile tunayomkataza kwenye chai, siku hiyo ndiyo inamwokoa.

Miguu. Kisukari kinaua hisia za nyayo. Mtu anakanyaga kisiki au kaa la moto la shamba linalosafishwa, hasikii, anaona damu jioni. Kidonda kinaoza, mwisho daktari anakata. Kwa hiyo: viatu vilivyofunika vidole kila wakati, hata uani. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kila jioni osha miguu kwa maji yasiyo moto, kausha katikati ya vidole, itazame. Asiyeona vizuri atazamiwe na mjukuu. Usiote miguu motoni. Kidonda hata kidogo ni safari ya zahanati siku hiyo hiyo. Macho nayo yapimwe kila mwaka.

Wako watakaosema, katibu, haya ni mambo ya mtu na nyumba yake, ushirika kazi yake ni pembejeo na mauzo. Sisi hatukubaliani nao. Mkorosho haujipalilii. Salfa haijipulizi. Mwanaushirika aliyekatwa mguu ni ekari zilizolala, na watoto wake wanaacha shule wakaokote korosho. Wazee wetu mwaka 1973 walikaa chini ya miti na redio wakasikiliza Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Hawakusema choo ni jambo la mtu na nyumba yake. Walijadili, wakatoka pale wakachimba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, na tunaomba yajadiliwe katika mkutano ujao.

La kwanza: chai ya mikutano na ya misibani isitiwe sukari sufuriani. Sukari ikae kwenye bakuli, kila mtu ajitilie. Wapo watakaosema mgeni ataona amedharauliwa. Sukari ipo mbele yake, dharau iko wapi?

La pili: ushirika ununue mashine moja ya kupimia sukari pamoja na vipimo vyake, ikae kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mashine bila vipimo ni pambo, basi vyote viwemo katika bajeti.

La tatu: tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, nayo inaangukia katikati ya msimu wetu. Tuwaombe watu wa zahanati waje siku hiyo hapa ghalani, tupimane sukari na shinikizo la damu kabla ya kupima magunia.

La nne: kila mwenye kisukari awe na daftari lake. Sisi tuliosoma katika madarasa ya watu wazima tulifundishwa kuandika tarehe, namba na jina. Kisomo hicho kina manufaa gani kama mtu hawezi kuandika sukari yake ya leo akailinganisha na ya juzi? Asiyejua aje darasani jioni, tutaandika pamoja.

Mwisho, akina mama na akina baba mnaopika na kununua: msimpikie mgonjwa peke yake kama mfungwa. Sahani tuliyoieleza inawafaa wote, mtoto na mzee. Nyumba nzima ikila hivyo, mgonjwa hatajiona mzigo, na asiye mgonjwa atakuwa amejikinga na ile aina ya pili. Na kila mtu atembee au ashike jembe walau dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Hilo la jembe sisi hatuna shida nalo. Shida yetu ni baada ya malipo, tunapopanda bodaboda kwenda dukani hapo tu.

Ndugu, fedha zinakuja. Tununue viatu kabla ya soda. Tukutane mkutanoni.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji