Umeyatoa wapi haya?

Mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita mlinisikia nikicheka niliposema mamangu amerudi shule. Nilipojisikiliza baadaye niliona haya, kwa sababu kile kicheko hakikuwa kizuri. Kwa hivyo leo nawaandikia yaliyotokea hasa, na kicheko nimekiacha huko huko kwenye rekodi.

Mamangu ana miaka 58. Ni mtu wa Mombasa, alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1983, enzi za KCE, kabla 8-4-4 haijaja. Alitua Sydney mwaka 1989 na sanduku moja. Kwa miaka 22 amewaosha, amewalisha na amewageuza wazee vitandani katika nyumba za wazee za huku magharibi mwa jiji. Halafu siku moja tukiwa tunakula akasema, bila kuinua macho, kwamba amejiandikisha. Akaanza na diploma ya TAFE, na sasa yuko chuo kikuu, anasomea ustawi wa jamii. Chuo sitakitaja, atanichinja.

Watu wakisikia kuna mama wa Kiafrika wa Fairfield anahangaika na insha za chuo, moja kwa moja wanafikiria ni Kiingereza. Si Kiingereza. Kiingereza cha mamangu kilinyooshwa na walimu waliokuwa na fimbo mkononi. Mimi niliyezaliwa hapa ananisahihisha mbele ya wageni. Shida ilikuwa kwengine, na mimi na shahada zangu mbili sikuiona mpaka nilipoiharibu kazi yake.

Insha yenyewe ilikuwa ya maneno 1,500: tatizo moja linalowakabili wazee wahamiaji kwenye huduma za utunzaji. Mama akachagua lugha. Mzee akipata dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani ndiyo inayotangulia kuondoka, anabaki na ile ya utotoni. Mama ameyaona haya kwa macho yake. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kivietnamu aliyekuwa akipiga soga na wauguzi kwa Kiingereza kizuri tu, na baada ya mwaka mmoja akawa anaita usiku kucha kwa Kivietnamu, na zamu nzima hakuna anayejua kama anataka maji au anamwita dadake aliyekufa. Mada nzuri kuliko hiyo sijui ungeitoa wapi.

Alinipa niisome Jumapili jioni, karatasi zina doa la chai. Aya ya kwanza ilikuwa methali: mwacha mila ni mtumwa, imetiwa Kiingereza. Aya ya pili tuko Mombasa, barazani kwa nyanyake. Ya tatu anaingia yule bibi. Ya nne, bibi bado. Hoja yake ilikuja kujitokeza kwenye sentensi ya mwisho kabisa, kama mgeni ambaye mpaka avae viatu ndipo aseme alichokujia. Marejeleo yalikuwa mawili: tovuti moja ya serikali, na yeye mwenyewe.

Nyinyi mliosoma Kenya hata miaka miwili mitatu mnaitambua insha hii. Ndivyo tulivyofundishwa, au ndivyo walivyofundishwa wazazi wetu. Unafungua na methali, unasimulia kisa, unapamba, halafu mwishoni msomaji anaona mwenyewe ulikuwa unampeleka wapi. Mwalimu anakupa alama kwa misemo. Na si shuleni tu, hata mtu akija kwenu kuomba pesa, ataanza na mvua, aulize watoto, aulize mgongo wa babako, na pesa zitatajwa mlangoni. Kuanza na shida yako ni utovu wa adabu.

(Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Robert Kaplan, aliandika makala akachora vijimistari kuonyesha watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo kwenye insha. Kiingereza akakipa mstari ulionyooka, wengine wakapata mizunguko. Alikosolewa sana kwa kufunga tamaduni nzima nzima kwenye mchoro mmoja mmoja, na kwa haki. Lakini nilipoviona vile vijimistari nilimuona mamangu.)

Basi nikafanya nini? Nikafanya kile ambacho wengi wenu mmefanya, na najua kwa sababu mlituandikia baada ya kile kipindi cha fomu za Centrelink. Nilichukua kompyuta yake nikakaa saa mbili, nikaiandika upya yote. Methali nikaitoa, baraza la nyanya nikalitoa. Yule bibi wa Kivietnamu akawa nusu sentensi. Nikatia marejeleo manane niliyoyapata kwa dakika ishirini. Ilitoka safi, ya kumeremeta. Nikampa.

Akasoma yote, polepole, na miwani yake ya duka la dawa. Kisha akasema, "Nzuri hii. Ya nani?"

Nikasema yako, Mama, mawazo ni yako. Akasema, "Mwanangu, mimi nimesaini karatasi kwamba kazi nitakayoipeleka ni yangu. Wewe wataka nianze chuo kwa uongo?" Akaifunga kompyuta. Binamu yangu alipomwambia kwenye simu kwamba siku hizi si lazima kuhangaika, ampe tu akili mnemba imwandikie, alimjibu swali lilelile: ya nani? Na bila kujua alikuwa sahihi kwa sababu nyingine pia, maana vile vyombo vinajulikana kwa kubuni marejeleo, kitabu kina mwandishi na mwaka na hakijawahi kuchapishwa.

Alipeleka yake, na methali yake. Akapata 46 kati ya 100. Amefeli, lakini akapewa wiki tatu aandike tena.

Hapo pembeni mhadhiri alikuwa ameuliza mara moja, hoja yako ni ipi? Na mara nne, umeyatoa wapi haya? Hilo la pili ndilo lililomchoma. Fikirieni swali hilo kwa Kiswahili. Umeitoa wapi? Ndivyo anavyoulizwa mtoto aliyekutwa na shilingi isiyoeleweka. "Kwani mimi mwizi?" akaniuliza. "Miaka 22 naona, halafu mtu aniuliza nimeyatoa wapi!" Sikuwa na jibu. Mimi marejeleo nilifundishwa kama vile unavyofundishwa kufunga mkanda wa gari. Sikuwahi kujiuliza ni ya nini.

Jibu alilipata mwenyewe, maktaba. Mama hasomei maktaba ya Fairfield kwa sababu kila anayepita anamjua na lazima wasalimiane. Anapanda treni vituo viwili, anapita Canley Vale, anashuka Cabramatta, anaenda Whitlam Library. Jina hilo ni la Gough Whitlam, waziri mkuu aliyewahi kuishi huko huko Cabramatta. Serikali yake ilifuta karo ya vyuo vikuu mwaka 1974, na watu wazima wengi, wanawake hasa, wakarudi kusoma kwa sababu hiyo. Wanafunzi wakaanza kuchangia tena mwaka 1989 kwa mpango wa HECS, yaani mwaka uleule mamangu alipotua na sanduku lake. Nilimwambia hivyo nikidhani atasikitika. Akasema, "Mimi bahati yangu huja kwa kuchelewa, lakini huja."

Sasa siku hiyo akanipigia simu niko kazini. "Nimefahamu," akasema. "Ni isnadi!" Alipokuwa mtoto chuoni, yaani madrasa, alifundishwa kwamba hadithi haisimami peke yake. Inakuja na mlolongo: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, mpaka ufike kwenye chanzo. Ukitaka kuipima unapima wale watu. Kwa hivyo ukiulizwa umeyatoa wapi si kwamba umeitwa mwizi. Unaombwa watu wako. Nilikaa na ile simu mkononi. Miaka mitano ya chuo hakuna aliyenieleza vizuri hivyo.

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Kutafuta, kwanza. Mama alikuwa anaandika swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia, na adabu zake zote, kama anamuuliza jirani. Mfanyakazi wa maktaba akamkalisha akamwonyesha: chukua maneno makuu matatu tu, kila neno lipe ndugu zake, maana mmoja ataandika "lugha ya kwanza" na mwengine "lugha ya mama". Yale yanayofanana unayaunganisha kwa "au", halafu vikundi unaviunganisha kwa "na". Maneno yanayokwenda pamoja unayatia alama za kunukuu. Akamwambia pia achukue kadi ya Maktaba ya Jimbo la New South Wales, ni bure kwa mkazi yeyote wa jimbo hili, na hifadhidata nyingi unaziingia ukiwa nyumbani. Wangapi kati yenu mnayo? Mimi sikuwa nayo.

Halafu kusoma. Alikuwa anasoma makala ya kurasa 22 kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, kamusi pembeni, siku tatu. Hili nilimsaidia mimi: soma ikisiri, ruka uende hitimisho, ndipo uamue kama inakufaa kurudi katikati. Aliona kama ni ukosefu wa heshima kwa mwandishi. Lakini alikubali.

Daftari ni lake mwenyewe, sikumfundisha. Amechora mistari miwili kila ukurasa, safu tatu. Nani kasema. Kasema nini. Mimi niliona nini. Ile safu ya tatu ndiyo iliyookoa insha, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kuona tofauti ambayo mhadhiri alikuwa akimwonyesha muda wote. Hakuna aliyemkataza kumtaja yule bibi. Kwenye fani yake uzoefu wa kazi unaruhusiwa, hata unatakiwa. Kosa lilikuwa kumfanya bibi mmoja awe ushahidi wa mabibi wote. Bibi aonyeshe jambo linavyokuwa saa nane za usiku. Idadi ya wanaokutwa nalo, hiyo itafute kwa waliohesabu.

Kile alichokipata ndicho kilichomnyamazisha. Ile Tume ya Kifalme kuhusu huduma za wazee iliundwa Oktoba 2018 na ripoti yake ikatoka Machi 2021, mapendekezo 148. Mama anaikumbuka kama habari za televisheni na mameneja wenye hofu. Hakujua kwamba kumbukumbu zake ziko wazi, unaweza kuzisoma. Mashahidi zaidi ya 600, maoni ya maandishi zaidi ya 10,000, na kati yao wapo watunzaji, watu wa kuosha na kugeuza kama yeye, wanaeleza walichokiona zamuni. Maneno yao yana ukurasa, yana tarehe, unaweza kuyataja. "Hawa ni sisi," akaniambia, na kidole chake kiko kwenye skrini. Akakaa kimya muda.

Hoja kuiweka mbele ndiko kulikomshinda zaidi. Kila mara aliandika sentensi ya kwanza akaifuta, akasema yasikika kama ugomvi. Mwishowe nikamkumbusha zile kadi za simu za miaka ya tisini, zile za kukwaruza. Tulikuwa tukimpigia nyanya, dakika zinakimbia, na Mama alikuwa na sheria: sema jambo kwanza, salamu baadaye, maana ikikatika jambo limeshafika. Akanitazama. Akachukua kalamu. Sentensi ya kwanza ya insha mpya inasema kwamba nyumba za wazee zisizojua lugha ya kwanza ya mkazi zinamnyima huduma, hata kama kila kitu kingine kimetimizwa. Basi, wazi kabisa.

Kabla ya kupeleka kulikuwa na kisanga kimoja. Programu ya kulinganisha maandishi ikamwambia 31%. Saa tano usiku ananiita chumbani, anatetemeka, amekuwa mwizi tena. Tukafungua tukaangalia rangi moja moja. Karibu yote ilikuwa orodha yake ya marejeleo, ambayo lazima ifanane na ya wengine kwa sababu ni vitabu vilevile, na nukuu alizozitia alama vizuri. Ile asilimia inasema tu kipi kimefanana na kipi. Kulikuwa na sentensi mbili alizozinakili kwenye daftari akasahau kutia alama. Akaziandika upya kwa maneno yake, peke yake, mimi nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Alipata 67. Anasema alistahili 70 na amemwandikia mhadhiri barua pepe kumuuliza zile tatu zimekwenda wapi, hoja ikiwa kwenye sentensi ya kwanza.

Safu hii nilimpa aisome kabla sijaichapisha, maana ni habari zake. Imerudi na wino mwekundu. Pale penye Whitlam na karo kaandika pembeni, umeyatoa wapi haya? Nikaenda nikahakikisha. Pale penye bibi wa Kivietnamu kaandika nisiongeze chochote juu ya alivyosema yeye. Na insha yake ya pili ni ya Ijumaa, kuhusu makazi ya vijana. Iko mezani jikoni, chini ya mfuko wa mikate ya samuni, na nimeambiwa nisiiguse.